Tulipokwenda Rumonge Kuuliza Nani Alishinda

Tangu turudi, kila anayeingia karakanani kuchukua meza yake au kitanda chake huketi kwanza juu ya mbao zangu na kuniuliza habari za Rumonge. Nimesimulia vipande vipande, leo naanzia kwa Mdachi, kesho kwenye matope ya Muhuta, na wengine mmeondoka mkiamini kwamba nilikamatwa karibu na mpaka. Sikukamatwa. Basi nimeona niandike yote kwa mpangilio, mara moja, ili nami nipate kufanya kazi.

Buyenzi hadi Muhuta

Tulikuwa watano ndani ya Probox yangu. Mimi nilikuwa nyuma ya usukani na mke wangu Furaha kando yangu. Kiti cha nyuma, upande wa kulia, alikaa baba yangu, Mzee Shabani, ambaye nusu ya Buyenzi imevaa kanzu alizozishona. Upande wa kushoto alikaa baba yake Furaha, Mzee Kashindi, mwalimu mstaafu kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Katikati yao tulimweka binti yetu Zawadi, mwenye miaka kumi na miwili, awatenganishe.

Huku kwetu baba wa mume na baba wa mke huitana bamwana. Hutembeleana, hupelekeana samaki, huulizana hali ya magoti. Hawa wawili walikuwa hawajaitana hivyo tangu siku ya harusi yetu. Siku hiyo Mzee Kashindi alisimama kutoa hotuba, akasema ukoo wake si mgeni Burundi, kwa kuwa babu yake aliingia na jeshi la Wabelgiji wakati wa ile vita kubwa ya Wazungu, akawafukuza askari wa Wadachi, ndio Wajerumani, kutoka kilima kimoja juu ya Rumonge mpaka wakaacha viatu. Baba yangu akaweka sahani chini. Babu yake yeye alikuwa askari wa Wadachi, tena kwenye kilima hicho hicho, na sisi wote tulilelewa tukijua kwamba alikishikilia siku tatu kwa bunduki moja na kibuyu kimoja cha maji, na waliokimbia walikuwa wale wa Wabelgiji. Hotuba haikumalizika. Pilau ililiwa kimya kimya, kama msibani.

Wangeweza kuendelea hivyo hadi mwisho wa maisha yao, mmoja Uvira, mwingine Bujumbura, lakini ziwa lilipanda likaingia ndani ya nyumba ya Mzee Kashindi. Furaha alikwenda kumchukua akiwa na sanduku moja na redio. Baba yangu, mjane kama yeye, anakaa kwenye chumba cha uani chenye nafasi ya watu wawili, lakini Mzee Kashindi alikataa kukanyaga humo. Alilala sebuleni kwetu, kila asubuhi akikunja blanketi lake kama mtu anayesubiri gari, na alisema yeye ni mgeni tu, maji yakishuka ataondoka. Kisha Furaha akamsikia kwenye simu akipanga na mvuvi mmoja amrudishe Uvira wiki inayofuata, maji yawe yameshuka au yasishuke. Mke wangu hakulala. Asubuhi aliniambia kwamba vakansi ya Pasaka imeanza, mtoto yuko nyumbani, gari lipo, na kilima kipo. Twende na wazee wakaone wenyewe, waulize wenyeji nani alishinda, jambo liishe.

Niliuliza itakuwaje wakiambiwa kwamba mmoja wao alishindwa. Alisema hilo atalifikiria tukifika.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kiti cha mbele. Baba alisema gari ni la mwanawe. Mzee Kashindi alisema yeye ndiye mgeni. Furaha akafungua mlango, akaingia mbele yeye, akafunga mkanda. Ndiyo maana wazee wakakaa nyuma, bega la kila mmoja likigusa bega la mjukuu, wakitumiana salamu kupitia kwake.

"Zawadi, mwambie babu yako wa Uvira asogeze fimbo yake."

"Zawadi, umwambie babu yako wa Buyenzi fimbo haina shida, mguu wake ndio murefu."

Zawadi aliacha kufikisha ujumbe tulipopita Kabezi. Alisema wanasikiana.

Muhuta tulikuta udongo umeteremka kutoka mlimani usiku na kulala juu ya barabara. Magari yalikuwa yamesimama kwa mstari mrefu, ziwa upande mmoja, mlima upande mwingine, na mashine ya kuondoa udongo ilikuwa njiani, maneno tuliyoambiwa saa mbili asubuhi na kuambiwa tena saa saba mchana. Wanawake walipita kati ya magari na ndagala wa kukaanga kwenye majani ya mgomba. Tulikula mara tatu.

Wazee walishuka kunyoosha miguu, mmoja akaelekea mwanzo wa mstari, mwingine mwishoni. Nilipokwenda kuwatafuta niliwakuta kila mmoja amezungukwa na abiria. Huku mwanzoni baba yangu alikuwa amefika siku ya pili ya kukishikilia kilima. Kule mwishoni Mzee Kashindi alikuwa anawavua Wadachi viatu. Watu hawakuwa na kazi nyingine, wakawa wanatembea kutoka kundi hadi kundi na kubeba hadithi, mpaka dereva mmoja wa lori la mafuta ya mawese akawaleta wazee wote wawili mbele ya lori lake ili awasikilize pamoja. Aliwasikiliza kwa adabu sana, kofia mkononi. Kisha akauliza, "Sasa wazee wangu, mbona kwenye vita hii hakuna aliyeshindwa?"

Barabara nzima ilicheka. Wazee walirudi garini, na kwa mara ya kwanza walikuwa wamekasirikia mtu mmoja.

Muhuta hadi Rumonge

Mashine ilikuja saa tisa, na jioni mapema tulikuwa Rumonge, mjini kunakonukia mawese na samaki kuanzia unapoingia hadi unapotoka. Kwenye nyumba ya wageni, mlinzi aliwaona wazee wawili wenye kofia na fimbo zinazofanana wakishuka upande mmoja na mwingine wa gari, akaamua ni mapacha. Akawapa chumba kimoja. Nilipojaribu kueleza, alinipongeza kwa kuwa na baba wawili walioishi miaka mingi hivi. Vyumba vingine vilikuwa vimejaa wafanyabiashara wa samaki. Asubuhi kila mzee alinivuta pembeni kwa wakati wake akanieleza kwamba yule mwingine anakoroma kama mota ya boti. Nilimuuliza Mzee Kashindi kama alipata usingizi hata kidogo. Alisema hapana, kwani baba yangu aliamka alfajiri kuswali, na yeye ilibidi amshikie tochi maana umeme ulikuwa umekatika na yule mzee hakuwa anaona mlango uko wapi. Alilisema kama malalamiko.

Baada ya chai tulianza kuulizia. Hapo nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilisimama sokoni, katikati ya wauza mihogo, nikauliza kwa sauti ya mtalii, "Jamani, mahali palipopiganwa vita ni wapi?"

Mazungumzo yalikatika meza hadi meza. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinipimia karanga aliweka kopo chini akaangalia pembeni. Mzee mmoja aliniuliza taratibu, "Vita gani, mwanangu?" na nikaelewa jinsi nilivyokuwa mjinga. Mwambao huu umeona mengi ambayo watu wenye umri wangu na wa baba yangu wanayakumbuka kwa majina ya ndugu zao. Niliomba radhi. Nikasema ni ile ya zamani sana, ya Wadachi na Wabelgiji, na kwamba tunatafuta kilima chenye jiwe kubwa lililopasuka katikati, kwa kuwa jiwe hilo ndilo jambo pekee ambalo hadithi za wazee wetu zilikubaliana kulihusu.

Pumzi zilirudi sokoni. Yule wa karanga hata alitabasamu, akaongeza kiganja kimoja cha bure. "Ooo, mambo ya Wadachi," alisema. "Sasa hapa muko mahali si pake. Muende Kabonga. Iko Mudachi kule, anajua kila kitu."

Tukaangaliana. Mdachi, Kabonga, hadi leo?

Rumonge hadi Kabonga, kwa Mdachi

Kabonga iko mbali, chini ya Nyanza-Lac, karibu na mpaka wa Tanzania, lakini wazee walikuwa wamewaka. Mzee Kashindi alivaa tai na kuandaa hotuba ya Kifaransa ikiwa Mdachi hajui Kiswahili. Baba yangu alikuwa na silaha yake: neno moja la Kijerumani alilorithi kwa babu yake, amri fulani ya jeshi, ambalo ukoo wetu umelitunza vizazi vitatu bila kujua maana yake. Njia nzima alilifanyia mazoezi. Linaanza kama kupiga chafya na kuishia kama kuvunja kuni. Zawadi alijibana asicheke mpaka machozi yakamtoka.

Kabla ya kufika tulisimamishwa kwenye bariyeri. Polisi, kijana mpole, aliuliza tunakwenda wapi. Nikasema tunamtafuta Mdachi. Aliuliza Mdachi gani. Nikasema sijui, ila anajua vita. Polisi aliniomba nizime gari. Hiki ndicho kipande kilichowafanya wengine mseme nilikamatwa. Ukweli ni kwamba tulikaa pale karibu saa nzima kwa sababu wazee walishuka kueleza, na polisi alitaka kusikia mwisho. Alituachia wakati Mzee Kashindi alipoanza upya, kutoka pale babu yake alipovuka mto Ruzizi.

Kabonga, mbele ya mitumbwi iliyopangwa ufukweni, tulionyeshwa kibanda cha mabati. Mlango ulikuwa umefungwa. Mtu ndani alisema kazi inaanza saa nane kamili, na sasa ni saa nane kasoro dakika ishirini. Tulisubiri juani dakika ishirini. Saa nane mlango ulifunguka, akatoka Mrundi mrefu, mweusi, aliyejaa grisi hadi kwenye viwiko, fundi wa mota za boti.

"Mimi ndiye Mudachi," alisema. "Wananiita hivyo sababu ya saa. Wavuvi hawapendi mutu wa saa."

Mzee Kashindi alifungua tai. Baba yangu hakukata tamaa, akalitamka neno lake, kwa nguvu zote, akisimama wima. Fundi alimwomba arudie. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, jinsi anavyosikiliza mota, kisha akasema kwa heshima kwamba sauti hiyo anaijua, ni ya mashine iliyokosa oili.

Nilitazama chini, maana Furaha alikuwa anatetemeka kwa kicheko nyuma yangu na ningemwona tungeaibika wote.

Lakini Zawadi, ambaye ndiye pekee aliyekumbuka tulichofuata, alimuuliza fundi kama amewahi kuona jiwe kubwa lililopasuka katikati, juu ya kilima, mahali ambapo ziwa linaonekana na milima ya Kongo ng'ambo. Fundi akajibu mara moja. Jiwe hilo liko shambani kwa shangazi yake, Mama Keza, juu ya Rumonge. Tukiwa sokoni tungeinua macho tungeliona.

Basi tulikuwa tumesafiri nusu siku kuelekezwa mahali tulipolala. Hata hivyo Mudachi alitukaribisha chakula, samaki aina ya mukeke wa kuchoma na ugali wa muhogo, na kwa kuwa sahani zilikuwa chache, wazee walikula sahani moja. Baba yangu haoni vizuri siku hizi. Nilimwona Mzee Kashindi akichambua miiba na kusukuma nyama laini upande wa mwenzake wa sahani, huku akiendelea kumweleza Mudachi jinsi Wadachi walivyokuwa waoga.

Juu ya kilima

Usiku tulirudi Rumonge, na kesho yake tulipanda. Gari lilifika nusu, tukaendelea kwa miguu kati ya michikichi, njia ikiwa na utelezi wa mvua na makapi ya mawese. Baba aliteleza mara mbili. Mara ya tatu Mzee Kashindi alimpa mkono bila kupitia kwa Zawadi, na baba akaushika, nao wakapanda hivyo, kila mmoja akiangalia upande wake.

Mama Keza tulimkuta kwenye mtambo wake wa kukamua mawese, mikono imekuwa myekundu, hana muda na wageni. Alijibu salamu yetu ya amahoro bila kuacha kazi. Nilipomaliza kueleza tumetoka wapi na kwa nini, alituangalia mmoja mmoja, akasema kama tunataka hadithi tusukume mti wa mtambo, kwani anayesukuma ndiye anayekaa. Kwa hiyo hadithi ya vita niliyoingoja maisha yangu yote niliisikia nikizunguka na gogo kifuani, Furaha kando yangu, mafuta yakitiririka ndani ya pipa. Wazee walipewa viti.

Hadithi aliipata kwa bibi yake, aliyekuwa msichana wakati huo na aliyejificha kwenye mihogo akaona. Askari wa Wadachi walikuwa juu, wachache, wana njaa. Wa Wabelgiji walikuja kutoka upande wa ziwa, wachache, wana njaa vilevile. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito. Walianza kupigana risasi bila kuonana. Mara ikashuka mvua ya mawe, radi ikapiga kilimani, na kila upande ukadhani mwingine ameleta mizinga. Wa juu wakateremka mbio upande wa Kigoma. Wa chini wakateremka mbio upande wa ziwa. Mvua ilipokatika, kilima kilikuwa kitupu. Wanawake walitoka kwenye mihogo wakaokota masufuria na blanketi, wakarudi kuvuna maharage.

"Kwa hiyo nani alishinda?" aliuliza baba yangu.

"Sisi," alisema Mama Keza. "Yale masufuria yalikuwa mazuri."

Kilichofuata sikukitegemea. Mzee Kashindi alisimama. Nilidhani atajitetea, lakini aliwatetea askari wa Wadachi. Alisema haiwezekani kabisa, babu yake mwenyewe alikuwa akisema wale watu wa juu walikuwa simba, hawakuwa watu wa kukimbia mvua. Baba naye akasimama akaunga mkono: wale wa Wabelgiji, alisema, walipanda kilima siku tatu mfululizo bila kurudi nyuma, babu yake alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima kila akiwataja. Wakamzingira mama wa watu kutoka pande mbili, kila mmoja akimsifu adui wa babu yake. Na mimi, nikiwa na gogo kifuani, nikaelewa kwamba hakuna kati yao ambaye hadithi yake ingesimama bila ushujaa wa babu wa mwenzake.

Mama Keza aliwaacha wachoke. Kisha akafuta mikono kwa majani, akasema tumfuate.

Jiwe lilikuwa pale, kubwa kuliko nyumba, limepasuka katikati, na mmea umeota kwenye ufa. Chini ziwa lilikuwa limetandaa, na ng'ambo milima ya Kongo ilionekana wazi. Wazee walilishika jiwe kwa viganja. Lakini Mama Keza alikuwa ametupitisha kidogo, akasimama penye nyasi, mahali padogo kati ya mihogo ambapo palionekana hapajawahi kuguswa na jembe.

Alisema si wote waliokimbia. Wawili walibaki. Bibi yake na dada yake waliwakuta wameanguka karibu karibu, hapa, na kwa kuwa wanaume walikuwa bado wamejificha, wasichana hao wawili walichimba wenyewe wakawazika shimo moja. Tangu hapo ukoo wao haulimi mahali hapo.

Furaha aliuliza walikuwa wa upande gani.

"Nani angejua, mama?" alisema. "Nguo zilikuwa matope matupu. Wazungu hawakuwepo. Wote walikuwa watu weusi kama sisi." Kisha akawageukia wazee. "Siku zote hakuna mutu aliyekuja kuwaulizia. Ninyi ndio wa kwanza. Sasa semeni kitu."

Baba yangu alivua viatu, akainua viganja, akasoma Fatiha kwa sauti ndogo. Alipomaliza, Mzee Kashindi alivua kofia akasali Baba Yetu, polepole, kwa Kiswahili cha kwao, na alipofika katikati alirudi mwanzo, akaanza upya. Baba alimngoja. Zawadi aliyekuwa kati yao kwa siku tatu nzima alikuwa amerudi nyuma akanishika mkono, na wazee walikuwa wamesimama bega kwa bega bila mtu katikati.

Tulipomuaga Mama Keza tulimshukuru kwa murakoze nyingi mno, akatufukuza akisema mawese yanapoa.

Tukiwa tunateremka, wazee mbele, sisi nyuma, nilimsikia baba akizungumza. Hakugeuka, alisema akiangalia njia.

"Bamwana. Maji ya Uvira hayatashuka mwaka huu. Usimsumbue yule mvuvi."

Mzee Kashindi aliendelea kutembea hatua kadhaa. "Unakoroma," alisema.

"Wewe je?"

"Mimi ninajua ninakoroma. Ndiyo maana ninakuuliza kama utavumilia."

Furaha alisimama njiani akajifanya anatoa jiwe kwenye kiatu. Nilisimama naye mpaka akamaliza kulitoa, ingawa hapakuwa na jiwe.

Rumonge hadi nyumbani

Kurudi hakukuwa na maajabu, barabara ya Muhuta ilikuwa wazi, isipokuwa kwamba Zawadi alikaa dirishani na kulala hadi Bujumbura, na wazee hawakuacha kuzungumza. Nilidhani wamekubaliana. Furaha aliniambia nisikilize vizuri. Walikuwa wamekubali kwamba kukimbia kulikuwepo, kwa kuwa mtu kama Mama Keza hana sababu ya kudanganya, lakini sasa swali lilikuwa ni upande gani ulianza. Baba alikuwa na hoja za mteremko: wa chini walikuwa tayari chini, kwa hiyo walihitaji hatua chache. Mzee Kashindi alikuwa na hoja za radi: radi hupiga juu kwanza. Walichora kilima kwa kidole kwenye vumbi la dirisha langu. Sijalifuta.

Tulifika Buyenzi mchana. Mnamjua fundi baiskeli wa mkabala na kwetu, yeye hangoji mtu ashuke garini. Alikuja na spana mkononi na kuuliza kupitia dirishani, mtaa wote ukisikia, haya, nani alishinda? Amelisikia jambo hili tangu harusini, alikuwepo kwenye ile pilau.

Nilimwangalia baba yangu kwenye kioo. Mtu huyu amekishikilia kilima kile siku tatu, kwa bunduki moja, mbele ya kila mteja aliyewahi kupimwa kanzu. Nilikuwa tayari kusema chochote kumwokoa.

Baba alishuka taratibu, akajinyoosha mgongo, akaegemea mlango.

"Walikimbia," alisema. "Babu yangu na babu yake. Wote wawili. Na wasingekimbia, leo usingekuwa na mtu wa kumuuliza."

Mzee Kashindi alikuwa akitoa sanduku lake nyuma ya gari. Alilipitisha mbele yetu akielekea uani, kwenye chumba cha baba yangu, akasimama kidogo kana kwamba amesahau kitu.

"Ni kweli," alisema. "Ila wangu alitembea."